Vuli Katika Mji wa Green River, Utah

Treni ya California Zephyr huondoka Salt Lake City usiku mkubwa kuelekea mashariki, na abiria anayeshuka Green River, katika jimbo la Utah, hukuta jua limechomoza punde tu. Kituo hakina mhudumu wala dirisha la tiketi. Nilishuka katikati ya Oktoba na begi langu, treni ikang'oa nanga kuelekea Colorado, nami nikabaki nikiyatazama magenge ya Book Cliffs yaliyojipanga upande wa kaskazini, rangi ya kijivu chini na ya hudhurungi juu, bila mti hata mmoja wa kuyasitiri. Vioo vya magari yaliyolala nje vilikuwa vimefunikwa na sakitu nyembamba. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimevua koti na sweta, na bado nilitafuta kivuli.

Tofauti hiyo ya joto kati ya alfajiri na adhuhuri ndiyo hali halisi ya vuli, yaani majira kati ya joto na baridi, mahali hapa. Mji uko mita 1,240 hivi juu ya usawa wa bahari, katika nchi kame ambayo mwezi Julai joto hupita nyuzi 38 bila kumshangaza mwenyeji yeyote. Oktoba inapofika, mchana huwa na nyuzi 20 au zaidi kidogo, lakini hewa kavu na anga lisilo na mawingu haviwezi kulizuia joto la ardhi lisipotee mara jua linapozama, na ile hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka kwenye miinuko na kutulia bondeni. Asubuhi zile nilizotembea ukingoni mwa mto unaopita mjini niliona maji, yaliyokuwa bado na uvuguvugu kuliko hewa, yakifuka mvuke mwembamba uliofuata kila pindo la mto, huku hatua chache tu kutoka hapo vichaka vya jangwani vikiwa vikavu kabisa. Mipopla, miti mirefu inayoota pale tu mizizi inapoyapata maji, ilikuwa imegeuka rangi ya manjano, hivyo mtu akipanda kilima chochote kilicho karibu huuona mkondo wote wa mto kwa rangi ya miti kabla hajayaona maji yenyewe.

Mto Green huanzia kwenye theluji ya milima ya Wind River huko Wyoming, na hujiunga na Mto Colorado kusini mwa mji huu, ndani ya eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands. Hufurika mwishoni mwa majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka, ingawa Bwawa la Flaming Gorge, lililokamilika miaka ya 1960, limepunguza sana nguvu za mafuriko hayo. Wakati wa vuli maji huwa machache na mafungu ya mchanga hujitokeza katikati ya mkondo. Hata hivyo watu wa mitumbwi huupenda wakati huu, kwa sababu safari ya kuteremka kupitia korongo la Labyrinth haina maporomoko ya kutisha, mbu wamekwisha, na jua halichomi. Niliwakuta baadhi yao wakipakia mapipa ya maji ya kunywa, kwani maji ya mto wenyewe yamejaa udongo.

Kando ya daraja kuna jumba la makumbusho lenye jina la John Wesley Powell, mwanajiolojia aliyepoteza mkono wa kulia katika mapigano ya Shiloh mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha miaka saba baadaye akaongoza watu tisa na mashua nne kuuteremka mto huu. Walianzia mji mwingine wenye jina hilihili, ulioko Wyoming, tarehe 24 Mei 1869, wakapita hapa Julai, kabla mji haujakuwepo. Kwa maoni yangu, kazi yake kubwa zaidi si safari hiyo bali taarifa ya mwaka 1878 aliyoiandika kuhusu nchi kame za magharibi, akionya kwamba ardhi ni nyingi kuliko maji ya kuinywesha. Anayesimama Green River mwezi Oktoba haoni ubishi katika hilo: kijani kinaishia pale mfereji unapoishia.

Waliopita hapa tangu zamani walifuata kivuko. Waute, wenyeji wa asili wa eneo hili, walikijua, misafara ya biashara kati ya New Mexico na California ilikitumia, na Kapteni John Gunnison, aliyetumwa kutafuta njia ya reli, alivuka hapa vuli ya 1853, wiki chache kabla ya yeye na baadhi ya watu wake kuuawa karibu na Mto Sevier. Reli yenyewe ilifika mwaka 1883, na barabara kuu ya I-70 ikaja baadaye sana, ikaupita mji kando. Barabara ya ndani imebaki na moteli zilizofungwa na mabango yaliyopauka, na sensa ya 2020 ilihesabu wakazi wasiofika 900. Wasafiri wengi huingia kununua mafuta wakielekea mji wa Moab, kisha huondoka bila kuuona mto waliouvuka, jambo ambalo naona ni hasara kwao.

Kinachowasimamisha ni matikiti. Udongo wa kichanga, maji ya mifereji, mchana wa moto na usiku wa baridi huyapa utamu unaojulikana jimbo zima, na tamasha la matikiti hufanyika kila Septemba. Katika kibanda kimoja mama muuzaji aliinua tikiti, akalipiga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akaliweka chini, akachukua jingine. La tatu ndilo alilonipa. Aliniambia kwamba sakitu nzito ya kwanza ikipiga, majani ya mitikiti hulala chini yote kwa usiku mmoja, na msimu huwa umekwisha.

Mvua ni chache, lakini haipaswi kudharauliwa. Alasiri moja wingu lilitokea upande wa San Rafael Swell, mwinuko wa miamba ulioko magharibi, na kumwaga maji kwa muda usiozidi nusu saa, wakati mimi na rafiki yangu aliyenifuata kwa gari tulikuwa njiani kwenda kwenye chemchemi ya Crystal Geyser, kusini mwa mji. Ardhi ya huko ni mfinyanzi wa kijivu uliotokana na matope ya bahari ya kale, na ukilowa hunata kwenye magurudumu mpaka hayaonekani. Tulingoja upepo uikaushe njia. Chemchemi hiyo haina maji ya moto. Ilizaliwa kutokana na kisima cha kutafuta mafuta kilichochimbwa miaka ya 1930, na maji yake husukumwa na gesi ya kaboni dioksidi, kama soda iliyotikiswa. Siku hizi hurusha kwa unyonge, lakini madini yake yamefunika ukingo kwa ngazi za rangi ya chungwa zinazoteremka mpaka mtoni.

Ukimya wa jangwa hili uliwahi kuwavutia pia wanajeshi. Kati ya 1964 na 1973 makombora ya Athena yalirushwa kutoka hapa kwenda uwanja wa majaribio wa White Sands, New Mexico, na moja, mwaka 1970, lilipitiliza shabaha likaanguka Mexico.

Tuliondoka kuelekea magharibi kwa I-70, tukiwa tumejaza tangi, kwa kuwa hakuna kituo cha mafuta kwa zaidi ya kilomita 160 mpaka Salina. Barabara hupanda San Rafael Swell na kufika zaidi ya mita 2,200, na vuli hubadilika kwa kila mwinuko: bondeni tuliacha watu wakiwa na mashati ya mikono mifupi, huko juu upepo ulitikisa gari, na kabla ya kuteremka Salina mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa ikipiga kioo cha mbele.