Andika basi, mwalimu

Usingizi umenikataa tena, na kwa kuwa kesho hakuna shule, acha niandike. Tangu kile kikao cha majirani, neno la Mzee wa Maziwa halijaniacha. Wiki imejaa mambo: tumemzika shangazi kule Mumias, barua ya uhamisho wa Baba Watoto kwenda Kericho imefika, na bado nikikaa peke yangu kidogo ninachosikia ni sauti ya mzee yule, polepole, bila hasira: "Andika basi, mwalimu."

Mnaonisoma siku zote mnamjua. Ndiye anayetuuzia maziwa tangu tuhamie huku Kiamunyi, Nakuru. Ndiye aliyenifundisha kupanda sukuma wiki kwenye magunia mwaka ule wa kiangazi, na ndiye aliyekaa na mtoto wangu wa pili siku alipovunjika mkono nami nikiwa darasani. Maziwa tunachukua kila asubuhi, tunalipa mwisho wa mwezi, na hajawahi kuandika popote. Hesabu yote anaitunza kichwani. Mwezi ukiisha ananitajia jumla, anaongeza kwamba ile siku tuliyokuwa safarini hakuihesabu, nami natoa pesa. Hatujawahi kubishana hata kwa kikombe kimoja. Mtu wa namna hiyo anapokuambia uandike, linakuuma.

Kikao chenyewe kilihusu ile ploti ya wifi yangu. Niliwaeleza tayari: ekari mbili za upande wa chini, alizoachiwa na baba mkwe, anataka kuzifanya kituo cha watoto kuchezea nje. Bembea, kamba za kupanda, magogo ya kupitia juu kwa kujisawazisha, mahali pa kuchezea tope na gumboti zao, na kibustani ambacho watoto watapanda na kupalilia wenyewe. Siku za wiki zije shule, Jumamosi zije familia. Sasa, ile ni ardhi ya makazi, na ili kaunti imruhusu kubadilisha matumizi yake, sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka tangazo libandikwe pale pale kwenye ploti na lichapishwe gazetini, na mwenye pingamizi apewe siku 14 kuliwasilisha kwa maandishi. Bango lilipogongomelewa langoni, mtaa ukachemka. Kufikia jioni ujumbe kwenye kikundi chetu cha Nyumba Kumi ulikuwa umerundikana hadi sikuweza kuufuata. Wifi akanipigia simu kutoka Nairobi. "Wewe wanakujua. Wewe ni mwalimu wa watoto. Kaa nao uwaeleze."

Nikakubali, na nilikubali kwa moyo wangu wote. Nafundisha PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Nina watoto darasani wanaoishi kwenye haya maghorofa yanayoota kila kona tangu Nakuru iwe jiji mwaka wa 2021, na ukiwatuma kushuka ngazi tatu za veranda wanashika ukuta kwa mikono yote miwili. Wana umri wa miaka mitano. Hawajawahi kupanda mti. Ploti walizokuwa wakichezea mpira kaka zao zimejengwa zote, na ukitaka nyasi za kukimbilia bila kufukuzwa na mlinzi, itabidi upande matatu hadi Nyayo Gardens mjini. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990, na kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nilikitaja kifungu hicho kwenye kikao. Hakuna aliyekipinga, na hakuna kilichomgusa pia, maana hakuna mtu pale aliyekuwa amekuja kupinga watoto.

Tulikaa uwanjani kwa kanisa, chini ya migrevilea, baada ya ibada ya Jumapili. Kelele ndiyo iliyotangulia. Kuna mama ambaye mumewe ni mgonjwa na hulala mchana. Nyumba yao inapakana na ploti. Alitaka kujua mgonjwa wake atapumzika saa ngapi. Kanuni za kelele za 2009, zile za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinaweka kiwango cha desibeli 50 nje ya nyumba katika eneo la makazi wakati wa mchana, na mchana wao unaishia saa mbili usiku. Sikumficha jambo. Nilimwambia watoto 40 wakicheza kando ya ua wake watapita kiwango hicho bila shida, maana hata watu wawili wanaozungumza wakiwa wamesimama karibu hukipita. Kinachosaidia ni umbali: kila unapousogeza mchezo mara mbili mbali zaidi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Kwa hiyo bembea na kamba zimehamishwa hadi mwisho wa ploti, kule bondeni, na upande wa mama huyu itakuwa bustani. Wifi alikuwa ametegemea ua wa kaiyaba. Kaiyaba ni nzuri, inazuia ng'ombe na inazuia macho, lakini sauti inapenya majani kama kawaida, na miiba yake si ya kuwekwa karibu na watoto. Tuta la udongo ndilo linalozuia, nalo sasa limo kwenye mchoro. Yule mama aliuliza tuta litakuwa na urefu gani, nikamwonyesha, akatikisa kichwa kukubali. Hapo nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwezi mzima.

Kisha likaja suala la bwawa. Mchoro wa kwanza ulikuwa na kidimbwi cha watoto kupigia makasia. Katika kaunti hii, tangu bwawa la Solai lipasuke usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, watoto wengi wakiwemo, hutamtajia mtu maji yaliyozuiliwa kwa ukuta wa udongo akatulia. Kidimbwi cha wifi kingekuwa cha kina cha magoti, najua, lakini pia ardhi ya upande wetu huu ina tabia ya kufunguka nyufa mvua kubwa ikinyesha, na jirani mmoja alizungusha simu yenye picha za ufa uliokatiza shamba lake la mahindi. Niliwaambia kidimbwi kimefutwa. Maji ya paa yatakingwa kwenye matangi, basi. Vumbi, maegesho ya mabasi ya shule, vyoo, wageni kupitapita milangoni pa watu: hayo tuliyapitia kwa haraka na nadhani tulielewana.

Nilikuwa nimeanza kukusanya karatasi zangu Mzee aliposimama. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kofia gotini, hajasema neno.

"Umetueleza vizuri," akasema. "Hata wale wa pale kona walitueleza vizuri. Walisema ni mkahawa wa familia. Chai, mandazi, samaki siku ya Jumapili. Sisi wenyewe tukawaambia karibuni. Sasa ikifika Ijumaa usiku madirisha yangu yanatetemeka mpaka alfajiri, na nikienda kuuliza naambiwa mwenye kibali ni mwingine, aliuza."

Watu wakaguna. Kila mtu anayeishi huku anaijua hiyo Ijumaa.

Nikamjibu, "Mzee, lango litafungwa saa kumi na moja jioni. Hakutakuwa na muziki wa spika. Hakutakuwa na pombe. Nakuahidi mimi."

"Andika basi, mwalimu."

Mimi huniita binti yangu. Tangu siku ya kwanza, mbele ya watu na pasipo watu, ni binti yangu. Nimelirudia lile "mwalimu" kichwani kwa kila namna. Mara nalisikia kama heshima, kwamba mbele ya kikao alinipa cheo changu. Mara nalisikia kama mlango uliorudishwa. Nilitoa fulskepu kwenye mkoba, nikaandika yale matatu, nikatia tarehe na sahihi. Hakuisoma. Aliikunja mara nne akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akasema asante, akaenda kukamua. Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba Watoto kikao kimekwenda vizuri, na ni kweli kilikwenda vizuri, halafu nikashindwa kula.

Asubuhi iliyofuata nilienda na kimtungi changu kama kawaida. Akanijazia. Akanieleza kuhusu ng'ombe wake mweusi anayekaribia kuzaa. Nilingoja, nikiwa nimesimama pale na kifuniko mkononi, aniite anavyoniita. Hakuniita jina lolote, na sikuweza kujua kama hiyo ina maana au ni shughuli za asubuhi tu. Nilikasirika, nitasema ukweli. Njiani nilijiuliza, mtu aliyeniamini kwa maziwa ya miaka yote hii, hawezi kuniamini kwa lango?

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpaka Alhamisi, wifi alipofika.

Nilimsimulia kila kitu huku nikimwandalia chai. Aliposikia habari ya karatasi akaweka kikombe chini. "Umetufunga mikono," akasema. Akafungua simu akanionyesha hesabu zake. Ada ya shule peke yake haitoshi kulipa walezi, mlinzi na mkopo. Anahitaji sherehe za watoto za siku ya kuzaliwa, na wazazi wanaolipia sherehe hawaondoki saa kumi na moja. "Mara moja moja tu," akasema. "Jumamosi. Muziki kidogo, wa watoto. Hakuna atakayesikia vibaya."

Wifi yangu si mtu mbaya. Mnajua alivyotusimamia Baba Watoto alipokuwa bila kazi. Hesabu zake nilizisoma na ni za kweli, mkopo ni wa kweli, na anawapenda watoto kweli. Lakini aliposema mara moja moja tu nilihisi baridi mgongoni, kwa sababu nina hakika hata wale wa pale kona walianza hivyo hivyo, wakiwa na mkopo, wakiwa na nia njema, Jumamosi moja. Na hata kama wifi mwenyewe hatapita hapo, akichoka akauza, anayenunua atanunua ardhi iliyokwisha kubadilishiwa matumizi. Hatanunua ahadi yangu. Mzee alikuwa ameliona hilo akiwa amekaa nyuma na kofia gotini, mimi na michoro yangu yote sikuwa nimelitazama kutoka upande wake. Mimi ananijua. Mwenye ploti wa kesho hamjui, na maziwa yake hajamwonjesha.

Kwa hiyo nilimwambia wifi tuyaweke yale matatu ndani ya ombi lenyewe. Kaunti inaweza kutoa kibali chenye masharti: saa za kufungua na kufunga, hakuna spika, hakuna pombe. Masharti yakishaandikwa kwenye kibali, jirani ana pa kushika, hata mwenye ploti akibadilika. Sherehe atafanya, lakini za asubuhi, bila spika, na zimalizike kabla ya lango kufungwa. Nikamwambia pia kwamba kituo ambacho majirani wanakilinda kitaishi kuliko kituo wanachokivizia. Alininyamazia. Akasema atafikiria. Aliondoka chai ikiwa nusu, na ujumbe niliomtumia jana umeonekana kusomwa, jibu hakuna.

Najua anaumia. Yeye ndiye mwenye ploti, yeye ndiye atakayeamka usiku kwa ajili ya mkopo, na anaona wifi yake amesimama upande mwingine wa ua. Nataka kituo hiki kijengwe kuliko kitu chochote kilichowahi kupendekezwa mtaani kwetu. Nataka wale watoto wangu wa PP2 wachafuke, waanguke kwenye tope, wainuke, wapande kamba waone paa za nyumba zao na ukingo wa kreta ya Menengai wakiwa juu. Lakini jina lililo chini ya karatasi iliyo kwenye koti la Mzee ni langu, si la wifi. Ombi likipelekwa bila masharti hayo, siku 14 hazijaisha, na pingamizi nitaliandika mimi mwenyewe kwa mkono. Nimemwambia Baba Watoto hivyo usiku huu, kabla hajalala. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema dada yake atalia, na kwamba yeye pia angefanya hivyo hivyo. Sijui kama angefanya. Nimeshukuru alivyosema.

Kwa Mzee sina kinyongo tena. Kesho asubuhi nitamwambia kwamba mambo bado hayajakaa sawa, asidhani karatasi ile imemaliza kazi. Ni afadhali alisikie kwangu, hapo zizini, kuliko alisome kwenye bango.

Kinachonikosesha usingizi sasa hivi, saa saba hii, ni kingine kabisa. Mama hajapokea simu tangu jana asubuhi. Kwenye mazishi alikuwa anakohoa, akaniambia ni moshi wa jikoni, na dawa zake za presha nilizikuta zimebaki chache kwenye kibati. Kaka anasema huenda simu imepelekwa kwa jirani kuchajiwa, stima imepotea huko kwao tangu mvua ya juzi. Nimempigia jirani huyo na yeye hapatikani. Kukipambazuka nitajaribu tena, na nisipompata kufikia saa mbili, napanda gari la Mumias.