Barua kutoka Muscat

Tangu Sayyid Jamshid, sultani wa mwisho wa Unguja, afariki, Desemba 2024, mjukuu wangu hachoki kuniuliza, bibi, huyu mfalme alikuwa nani kwetu? Mimi nilimjua kwenye barua tu.

Barua za mdogo wa kike wa Bi Mkubwa, yule aliyekimbia Unguja mwaka 64 akafikia Dubai, halafu Qaboos aliposhika nchi ya Oman Julai 1970 na kuwaita Waomani warudi, akahamia Muscat. Bi Mkubwa alishapata mtoto wa jicho, na wao wakiandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, basi msomaji nikawa mimi, nimetoka chuo cha Kurani najua herufi. Bibi Salme naye, mtoto wa Sayyid Said, aliwaandikia barua kina Barghash kaka yake kwenye ile fitna ya 1859 ya kutaka kumpindua Sultani Majid, kwa sababu ya kujua kuandika. Kwa hiyo mambo haya kwetu si mapya.

Ile ya 1971 siisahau. Ilifika imeshafunguliwa na wakubwa, bahasha imebandikwa upya mpaka ukingo umekakamaa kwa gundi. Bi Mkubwa akaupapasa kwa kidole gumba, akasema funga dirisha la upande wa njia, soma.

Mwanzo harusi tupu, nani kaoa kwa nani, mama wa bwana harusi kanuna kwa sababu kakalishwa nyuma, Bi Mkubwa kacheka mpaka tambuu ikataka kumtoka. Sayyid yuko Portsmouth, nyumba yake ya kawaida tu kama za majirani. Bi harusi kavaa mkufu wa dhahabu wenye vidani vya mwezi, kimoja kimepinda. Halafu hapohapo, bila hata kuruka mstari, lango la Muscat siku hizi halifungwi usiku, mtu hatembei tena na kandili, anayejua kusoma anapata kazi, nyie mnangoja nini huko?

Nikanyamaza, hata mtoto alijua maneno hayo hayasemwi kwa sauti, na kutoka Unguja wakati ule mpaka upewe ruhusa. Bi Mkubwa akasema rudia. Nikarudia habari za lango.

"Sio hapo mwanangu, pale pa mkufu."

Nikarudia, na tena, taratibu, kidani kwa kidani. Mkono wake ukapanda shingoni ukabaki hapo. Mkufu ule ulikuwa wa mama yao, ulipotea siku za mapinduzi nyumba ilipoingiwa.

Akanambia andika. Sisi wazima, mchele wa foleni lakini tunapata, hongereni kwa harusi, muulize bi harusi mkufu kaupata wapi. Kuhusu kuhama hakutaja kitu.

Jibu lilikuja baada ya miezi, limejaa habari za arusi nyengine, la mkufu halimo, na Bi Mkubwa hakuuliza tena, alizikwa hapahapa Unguja. Miaka yote nimeamini ule umbea ndo ulikuwa njia yao ya kusema mambo ya nchi, lakini siku nyengine naona pengine walikuwa dada wawili tu wamekwazana kwa kitu cha mama yao, na hawakujaaliwa kuonana wakaulizana uso kwa uso.