Watafakarini Kunguru

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la wiki hii ni Luka 12:24: "Watafakarini kunguru, ya kwamba hawapandi wala hawavuni, hawana ghala wala uchaga, na Mungu huwalisha, bora ninyi mara nyingi kuliko ndege!"

Nimelisoma andiko hili tangu shule ya Jumapili, na miaka yote hiyo kichwani mwangu nilikuwa naona njiwa. Mnisamehe. Nilichanganya Luka na Mathayo. Mathayo 6:26 inasema "ndege wa angani", na ukisikia hivyo unajichagulia ndege umpendaye. Luka hakukuachia nafasi hiyo. Amesema kunguru, basi. Na sisi tuliokulia Dar es Salaam tunamjua: yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, akavuka maji akaja kutuibia dagaa kwenye sinia, kunyakua vifaranga na kutuamshia makelele juu ya bati. Bibi yangu akimwona alikuwa anainama kutafuta jiwe kabla hata hajajua kunguru anataka nini. Wayahudi nao hawakumpenda zaidi yetu. Walawi 11:15 inamweka kunguru, kwa aina zake, katika orodha ya ndege wasioliwa. Kwa hiyo Yesu alipotamka "watafakarini kunguru", nadhani pale palikuwa na watu waliotazamana.

Haya yote yamenijia kwa sababu ya karanga.

Hapa Columbus, Ohio, nalisha ndege uani tangu majira ya baridi yaliyopita. Aliyenianzishia ni mzee jirani, mgane, aliyebisha hodi siku moja na kopo la mbegu za alizeti. Wakaanza kuja vijidege kama shomoro. Akaja kadinali mwekundu na jike lake la rangi ya udongo, wanakula kwa adabu, mmoja anamlisha mwenzake mdomoni. Nikafurahi, nikapiga picha, baadhi yenu niliwatumia. Kisha wakaja jei.

Blue jay, kama wenyeji wanavyomwita, ni ndege mzuri, lazima nikiri. Mgongo wa buluu, mabawa yenye mistari myeusi na madoa meupe kama kitenge kipya, mkufu mweusi shingoni, na ushungi kichwani ambao huupandisha akichukia. Ila kelele! "Jei! Jei!", unamsikia kabla hujamwona. Na siku nyingine anaiga sauti ya mwewe. Vijidege vyote vinatawanyika kama vifaranga, naye anashuka mezani taratibu, peke yake. Wataalamu wanatoa maelezo kadhaa juu ya tabia hiyo. Mimi niliiona ni utapeli mtupu.

Mzee akaniambia hao niwawekee karanga zenye maganda, zisizo na chumvi. Nikajaza bakuli. Wa kwanza kutua alinyanyua karanga moja, akaiacha, akanyanyua nyingine, akaiacha, kama mama anayechagua nyanya sokoni kwa kuzipima mkononi. Alipoipata aliyoitaka aliisukuma kooni bila kuimeza. Akaongeza ya pili, koo likavimba. Ya tatu akaibana mdomoni, akaondoka. Wenzake walikuwa wanasubiri zamu juu ya uzio. Dakika kumi hazikupita, bakuli tupu.

Kesho yake nilitoka na ufagio. Ndiyo, mimi huyu ninayewaongoza kwenye maombi ya Alhamisi, khanga juu ya koti la baridi, napunga ufagio kwenye theluji: "Shii! Toka hapa, mwizi!" Mzee alikuwa dirishani kwake. Alicheka mpaka akakohoa. Baadaye akaniambia, "Wale ni ukoo mmoja na kunguru." Nikaingia ndani nimeishiwa maneno. Kumbe nimevuka bahari kumwacha Dar, naye nimemkuta huku amebadili nguo tu.

Hata hiyo nguo ina siri yake. Kuna siku niliokota unyoya wa jei kwenye majani, nikauinua dirishani, mwanga ukitokea kwa nyuma. Buluu ikatoweka! Ukabaki unyoya wa kahawia iliyopauka. Ndani yake hakuna rangi ya buluu hata chembe. Rangi iliyomo ni ya kahawia iliyoiva, na buluu tunayoiona inatokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa ukaweza kuirudisha sehemu hiyo ya mwanga. Nilitaka kuuweka ndani ya Biblia uwe alama ya ukurasa. Mzee akanikataza, akasema kuna sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamao, na mtu haruhusiwi kukaa na unyoya wao. Nikaurudisha majanini.

Basi nikaanza kuwasoma hawa ndege. Chakula chao kikubwa msimu huu wa majani kupukutika ni mbegu za mwaloni, mti uleule tunaousoma kwa Abrahamu pale Mamre. Jei mmoja anaweza kubeba hadi tano kwa safari moja, kooni na mdomoni, akaenda kuzifukia ardhini moja moja, akiba ya baridi. Kule Blacksburg, Virginia, watafiti waliwafuatilia jei kama hamsini, na katika taarifa yao ya mwaka 1981 walihesabu mbegu zaidi ya 100,000 zilizohamishwa na kufukiwa katika msimu mmoja, kwa wastani kama kilomita moja kutoka kwenye mti wake. Zile asizozirudia zinaota. Wanasayansi wengi wanaamini mialoni isingerudi kaskazini upesi vile, baada ya enzi ya barafu, bila ndege huyu.

Na mwezi wa tano nilikuta mche wa mwaloni kwenye ndoo yangu ya mchicha. Uani kwangu hakuna mwaloni. Ulio karibu uko ng'ambo ya barabara. Kindi nao hufukia mbegu, sibishi, lakini kindi wa kuvuka barabara ile akafika salama simjui.

Tafakari ikawa tayari. Nilishaiandika hata kichwa chake: mwizi wetu kumbe ni mpanda misitu, msiwadharau watu msioijua kazi yao. Nzuri kabisa, na Amina zingepatikana. Jumatatu usiku nikafungua Luka ninakili andiko, nikakwama kwenye neno moja. "Hawapandi."

Yesu hakumtafutia kunguru sifa. Anamvua zote mbele yetu: hapandi, havuni, hana ghala, hana uchaga. Halafu anasema, "na Mungu huwalisha". Hakuna "kwa sababu". Natafuta "kwa kuwa" sioni. Najua kuna atakayenikumbusha kunguru wa Eliya, waliomletea mkate na nyama asubuhi na jioni pale kijito cha Kerithi. Ni kweli, wapo, ila Luka hakuwataja hapa, na angeweza. Ningekuwa mimi ningewataja. Mimi nilihitaji mwaloni ndipo nimsamehe jei karanga zangu. Yule wa Dar, asiyenipandia mti wowote, bado nilikuwa nimemshikia jiwe la bibi.

Sasa niseme lililonifanya nisilale vizuri. Mnajua tunagawa chakula Jumamosi. Kuna mama mmoja, nanyi mnamjua, hapangi foleni kama wengine, anaongea kwa sauti, akiambiwa mfuko mmoja anachukua miwili, na wa tatu anauomba kwa ajili ya mtu ambaye hatujawahi kumwona. Nimemsema. Nimemsema mbele ya akina dada jikoni, tukacheka. Wiki hii nikajikuta naomba Mungu anionyeshe kwamba ile mifuko anawapelekea wagonjwa, ili nikimpa nimpe kwa moyo mweupe. Katikati ya maombi nikanyamaza. Nilikuwa namtafutia mwaloni.

Sijui ile mifuko anaipeleka wapi. Nimeamua sitamwuliza.

Leo asubuhi baridi imeanza kuuma. Nimejaza bakuli nikakaa mlangoni na chai yangu. Wamekuja wanne, kwa fujo ileile, mmoja akaanza na sauti ya mwewe hata kabla ya kutua. Kadinali wakaruka. Nikaenda kuongeza alizeti upande wa pili, kwenye kichaka, kadinali warudi wale.

Kesho zamu yangu ni meza ya kwanza, ya mchele na siagi ya karanga. Mama yule huwa anafika saa nne.