Klachi mbili: giaboksi imeshuka

Jumamosi, saa tano nzima chini ya gari, na hatimaye giaboksi imelala sakafuni. Ni ile ya gia 7 yenye klachi mbili kavu (moja ya gia witiri, nyingine ya shufwa, zote zikiendeshwa na kompyuta), iliyokuwa ikitetemeka kila gari linapoanza kuondoka.

Kutoa pakiti ya klachi kumenitesa kuliko nilivyodhani. Kuna kipete cha kubana, chembamba kama ukucha, kisha pula (kifaa cha kuvutia), kisha dua. Ilipotoka nikaona kisa chote: upande wa gia witiri (1, 3, 5, 7) chuma kimepiga rangi ya bluu kwa joto na diski imelika. Upande wa gia shufwa ungali na uhai. Si ajabu, kwani gari huondoka na namba moja kila mara.

Kwenye foleni, dereva wa manyuo (gari la kubadilisha gia kwa mkono) hukanyaga klachi mpaka chini, akasubiri nafasi, akaachia. Hii yangu haina pedali ya klachi wala mguu wa kufikiri. Ukilegeza breki kidogo tu, kompyuta inaanza kusugua diski ili gari lijikokote, na klachi kavu haina oili ya kuipoza. Nimeendesha hivyo miaka miwili bila kujua kwamba naichoma mwenyewe.

Nikiri, ikiwa kwenye mwendo ni tamu. Gia inayofuata huwa imeshaingia tayari kwenye shafti ya pili, kwa hiyo kubadilisha ni klachi moja kuachia na nyingine kushika. Ila kompyuta inabahatisha gia ijayo: ikijiandaa kupanda nawe ukataka kushuka ghafla, unangoja.

Gari langu la zamani la manyuo nililibadilishia klachi kwa kijiti nilichochonga cha kuweka diski katikati. Nikafunga bolti, nikawasha, basi. Hapa lazima nipime kina cha beringi zote mbili zinazosukuma klachi, nichague shimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi), halafu niunganishe kompyuta ili giaboksi ijifunze upya klachi inashika wapi. Na betri ikifa, kusukuma ili liwake ni kujichosha bure.

Kipimo cha kina nilichoazima kinasoma tofauti kila nikikiweka, kwa hiyo sijafunga kitu. Pakiti mpya iko mezani chini ya kitambaa, isiguswe na mkono wenye oili.