Tulivyoaga Isevya, mimi na mzee wangu

Wanaotuuliza tumewezaje kuacha nyumba na kuishi safarini uzeeni huanzia kwenye pesa. Kwetu pesa haikuwa mlima. Mimi ni mwalimu mstaafu, mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, pensheni inaingia kila mwezi, na nyumba yetu ya Isevya, pale Tabora, haina deni la mtu. Kazi ilikuwa kuifanya nyumba hiyo isiwe tena nyumba ya wazee.

Maana nyumba ya wazee ni ya ukoo mzima. Mpwa akipata chuo anafikia hapo, shule zikifungwa wajukuu wanaletwa hapo, na msiba ukitokea turubai linafungwa hapo hapo. Tuliposema tunataka kuishi safarini miaka kadhaa, wala si kwenda kumtembelea mtoto Dar na kurudi, wifi yangu mkubwa alinyamaza kwanza. Halafu akaniuliza, "Na mkifia huko, wifi?" Nilimshukuru. Lilikuwa swali ambalo wengine walilimeza, na tulilijibu kabla ya kuuza hata kijiko.

Tukaitisha kikao cha familia. Mzee wangu akawakumbusha kwamba Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe, huku kwetu Tabora, hadi Bagamoyo, miezi kwa miezi njiani, na nyumbani watu waliendelea kuoa na kulima. Wazee wakacheka, wakalainika. Ila kilichowatuliza ni karatasi. Tuliandika kila mmoja wetu azikwe wapi na nani awe msemaji wa familia. Tukakata bima ya safari inayolipia matibabu ya nje na kusafirisha mwili hadi nyumbani, kwa sababu kadi yetu ya bima ya afya ya wastaafu haivuki mpaka. Na ule wajibu wa kupokea wageni na kusimamia michango tukaukabidhi kwa mdogo wake mzee mbele ya kila mtu, asije akaambiwa amejitwalia ukubwa. Anayetaka kuondoka bila kikao cha namna hii, mimi simshauri. Ataitwa arudi kabla hajafika Dodoma.

Vyombo vilichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kabati na kitanda vya mninga, vizito vya kubebwa na wanaume wanne, viligombewa na watoto hadi tukawapigisha kura. Makochi na friji tuliuza. Kilichoniumiza roho ni masufuria yangu ya shughuli, yale makubwa ya pilau, ambayo mtaa mzima ulikuwa ukija kuazima kila penye arusi au matanga. Kuyauza ningejisikia nimeuza ujirani. Niliyapeleka kwa kikundi chetu cha kina mama cha kufa na kuzikana, pamoja na mikeka na viti vya plastiki, yakaandikwa kwenye daftari la kikundi. Mchango wangu wa mwezi natuma kwa simu, kwa hiyo bado ni mwanachama, na nataka niendelee kuwa mwanachama.

Nyumba tumempangisha mtumishi mwenye familia, mkataba umesainiwa kwa mwanasheria na mwenyekiti wa mtaa anao nakala. Chumba kimoja tumekifunga, kina picha, vyeti na vitabu vyangu. Kodi ya majengo hainisumbui, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ya ardhi analipa kijana wetu.

Upande wa safari yenyewe, pasipoti mpya za Afrika Mashariki zinadumu miaka 10, na kadi ya manjano ya homa ya manjano tangu 2016 ni ya maisha, kwa hiyo ukichanjwa umemaliza. Mzee ana presha. Tunabeba dawa za miezi mitatu pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa, kwani majina ya kwenye boksi hubadilika nchi hadi nchi. Begi moja moja, basi. Na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, wa kutafuna njiani.

Tulitoka Tabora kwa treni hadi Dar, tukachukua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Mzee alikaa dirishani akinionyesha madaraja na mahandaki kati ya Mlimba na Makambako kama mtu anayetambulisha ndugu zake, nami nilifurahi kumwona hivyo baada ya miaka yote ya yeye kuwasafirisha wengine. Sasa tupo Livingstone, huku huku Zambia. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, yanasikika kabla hujayaona, na mvuke wake unakulowesha ukiwa bado njiani.

Kinachotuwezesha ni kukaa. Hatulali gesti, tunapanga chumba chenye jiko kwa mwezi, tunanunua mboga sokoni na kupika wenyewe, na kodi ya Isevya ndiyo inayolipa chumba hicho. Pensheni inabaki ya chakula, nauli na dharura. Wazambia wanatupokea bila viza, na baada ya hapa tunavuka mpaka karibu na Chipata kwenda Malawi, ambako pia hatuhitaji. Ulaya tunaitamani, hasa mzee na treni zao, lakini viza ya Schengen inadai bima ya angalau yuro 30,000 na hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, hivyo tunaiwekea akiba yake taratibu kwenye akaunti ya pembeni.