Siku Mjomba Alipozikagua Kuta za Kilwa

Mjomba wangu ni mwashi wa zamani, amejenga tangu enzi za mawe na chokaa hadi saruji ilipotawala. Mwaka 2014, UNESCO ilipoyatoa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, orodha ambayo yalikuwamo tangu 2004, nilimwomba twende pamoja. Kilwa nilikuwa nimeisoma shuleni kama tulivyoisoma wengi: dhahabu ya Sofala huko Msumbiji, msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, Wareno mwaka 1505. Yote yalikuwa majina ya masultani na wasafiri. Nilitaka kuuona mji ule na mtu anayejua ukuta unavyosimama.

Tulishuka Kilwa Masoko, tukachukua kibali, tukapanda mashua. Upepo wa kusi ulijaza tanga na kisiwa kikasogea upesi. Mwenyeji wetu, mzee wa kisiwani anayetembeza wageni, alianza kazi yake hapo hapo mkondoni. Alisimulia kwamba Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa sultani wa kwanza wa Kilwa, alikuja kutoka Shiraz, Uajemi, akamkuta mwenye kisiwa, mtu wa bara. Wakakubaliana bei: nguo ya kukizunguka kisiwa chote. Nguo ikatandazwa, mwenye kisiwa akahamia ng'ambo. Zamani hizo maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu, na yule bwana alikuwa na nia ya kurudi na watu wake kukitwaa kisiwa. Ali akaligundua hilo, akachimba mkondo. Bahari ikabaki na kina hata kwenye bamvua.

Mjomba alikuwa akiyatazama maji.

"Baba, walichimba kwa zana gani?"

"Hadithi haisemi, fundi."

"Basi hiyo ndiyo ningependa kuisikia."

Waliochimbua mabaki ya kale wamekuta dalili za wakazi kisiwani kutoka kabla ya masultani wa Kishirazi, watu wa pwani hii hii, wavuvi na wafinyanzi. Kwa hiyo mji haukushushwa kutoka jahazini siku moja. Hata hivyo naipenda hadithi ya nguo, kwa kuwa haimfichi mtu aliyetangulia. Inakiri kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe.

Gereza ndilo linalokupokea ukifika, ngome iliyo karibu na maji. Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome yao, wakaondoka mwaka 1512. Hili linalosimama leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa baadaye. Miaka mitatu kabla ya Almeida, Vasco da Gama alikwisha kumlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ikafuliwa chombo cha kanisani ambacho kipo Lisbon hadi leo. Mjomba aliyasikiliza hayo akitikisa kichwa, kisha akauliza Msikiti Mkuu uko wapi.

Humo ndimo tulimomaliza sehemu kubwa ya siku, na kama ningekuwa na mamlaka ningempeleka humo kila mwanafunzi wa ujenzi wa nchi hii. Upande wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, mdogo, na paa lake limekwisha kutoweka. Upande wa kusini ni nyongeza ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, yule yule aliyempokea Ibn Battuta na aliyesifiwa kwa ukarimu wake. Unaingia chini ya safu za matao na kuba, nguzo za pembe nane zikifuatana hadi kwenye mihrabu, na mwanga unapita baina yake kwa vipande.

Mzee alitueleza kwamba nguzo za mwanzo za nyongeza hiyo zilichongwa kila moja kutoka tumbawe moja zima. Hazikuhimili. Paa likaanguka, na katika karne ya 15 mafundi wakajenga upya kwa nguzo hizi tunazoziona, za mawe yaliyoshikwa kwa chokaa.

Mjomba aliposikia hivyo alisimama. Akaiendea nguzo moja, akaweka kiganja, akapandisha macho hadi tao linapoanzia, akashuka nayo tena hadi chini.

"Mjomba, njoo uone," aliniita. "Kuba haikai tu juu. Inasukuma pembeni. Hawa waliangukiwa na jengo la sultani, wakajua kosa liko wapi, wakarudia na kuba zile zile. Hawakukimbilia paa la bapa."

Sijawahi kuisikia historia ya Kilwa ikielezwa hivyo. Vitabuni paa lilianguka, likajengwa, sentensi ikaisha. Kwa mjomba palikuwa na mtu aliyesimama hapo juu ya kifusi, na sultani akisubiri jibu, na vibarua wakiogopa kurudi chini ya matao.

Akanionyesha pia tofauti ya mawe. La ukutani ni gumu na lina matundu. La mihrabu ni laini. Hukatwa baharini likiwa bichi, huchongwa mapema, nalo likikauka huwa gumu na kuishika nakshi. Katika msikiti mdogo wenye kuba, hatua chache kutoka pale, tulilala chali sakafuni ili tuyaone mabakuli yaliyopachikwa kwenye dari, ya ng'ambo ya bahari, mengine yamebaki duara tupu la chokaa mahali yalipokuwa. Moja lilikuwa bado na mng'ao wa kijani upande mmoja.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya jabali mashariki ya mji. Ni kasri la sultani yule yule, lenye vyumba zaidi ya mia, maghala, na birika la pembe nane linaloelekea bahari. Inaaminika halikukamilika. Vyumba vya pwani kwa kawaida ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, na mjomba alivipima vya Husuni kwa hatua zake akakuta sheria ile ile inamfunga hata sultani mwenye dhahabu.

Tuliporudi Gerezani tulimkuta mwanakisiwa mmoja aliyefanya kazi kwenye ukarabati. Yeye na mjomba walielewana kabla ya kumaliza salamu. Alisema kuta hizi hazitiwi saruji, kwani saruji ni ngumu kuliko tumbawe, hufungia unyevu ndani na jiwe huliwa na chumvi. Wanachoma chokaa wenyewe, kwa matumbawe na magogo, kama zamani.

"Mnailaza muda gani?" mjomba aliuliza.

"Kadiri tunavyoweza kusubiri, mzee. Ya haraka hupasuka."

Nahodha alituita mara ya kwanza, mara ya pili. Mjomba alikuwa amechukua chokaa kidogo kwenye ndoo ya yule bwana, anaisugua kati ya vidole.

"Mwambie aningoje," aliniambia. "Sijamuuliza kuhusu mchanga."