Mombo hadi Mtae kwa baiskeli mbili: sikio la gia lililopinda, udongo wa Magamba na spoki moja

Tatizo la kwanza lilitupata kabla hatujakanyaga pedali. Tuliposhusha baiskeli kwenye buti ya basi pale Mombo, chini ya milima ya Usambara mkoani Tanga, mkono wa gia wa nyuma wa baiskeli ya mke wangu, ule unaohamisha cheni kutoka meno hadi meno, ulikuwa umeingia ndani kiasi cha kukaribia spoki. Baiskeli ilikuwa imelazwa kwa ubavu wa kulia, upande wa gia, na juu yake kulikuwa na magunia. Uzito wote ukaishia kwenye sikio la gia, kile kipande kidogo cha alumini kinachoushikilia mkono kwenye fremu. Kimetengenezwa laini makusudi, ili kipinde chenyewe na fremu isalimike.

Usimwachie utingo kazi ya kupakia. Baiskeli ilale kwa ubavu wa kushoto, au isimame, na gia iwekwe kwenye meno makubwa kabisa ya nyuma ili mkono usichomoze. Pedali zitolewe. Ya kulia hufunguka kinyume cha saa kama boliti yoyote, lakini ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kufuata mwelekeo wa saa, na hapo ndipo wengi huvunja spana kwa kulazimisha. Kama fremu yako ina sikio linalotolewa, nunua la akiba kabla ya safari. Yapo ya maumbo mengi mno, na la fremu yako hutalipata Mombo wala Lushoto.

Sisi hatukuwa na la akiba. Kilichotuokoa ni kwamba baiskeli zilikuwa mbili. Tundu la sikio la gia lina uzi wa milimita 10, na ekseli nyingi za nyuma zenye kufuli la mkono zina uzi uleule. Tulifungua mkono wa gia kwa spana ya L ya milimita 5, ukabaki unaning'inia kwenye cheni. Tukatoa gurudumu la nyuma la baiskeli yangu, tukachomoa ule ufito wa kufuli unaopita katikati ya ekseli, kisha ncha ya kushoto ya ekseli tukaikaza taratibu kwenye tundu la sikio. Baiskeli ya mke wangu ikawa na magurudumu mawili nyuma, moja kando ya jingine. Kama sikio limenyooka, nafasi kati ya rimu hizo mbili hulingana juu, chini, mbele na nyuma. Kwetu nafasi ya chini ilikuwa pungufu kwa zaidi ya sentimita 2. Unalishika gurudumu la nje na kulivuta kidogo kidogo, unapima, unavuta tena. Alumini hairudiwi rudiwi: ukiipinda huku na huku mara kadhaa inakatika. Ilichukua dakika 40. Baada ya hapo ni kurekebisha ile skrubu ndogo yenye herufi L kwenye mkono wa gia ili cheni isivuke meno makubwa na kuingia kwenye spoki. Kama hukujali jambo jingine lolote, lijali hilo, maana cheni ikizama pale ukiwa unapanda mlima unapoteza mkono wa gia na spoki kadhaa kwa mkupuo.

Tukaanza kupanda saa tatu badala ya saa kumi na mbili na nusu. Kwa Mombo hilo ni kosa. Mji uko chini kabisa, mita 400 na ushei, na joto la asubuhi linakaa kwenye bonde. Lushoto iko karibu mita 1,400, na barabara ya lami kati yao ni kama kilomita 33. Ukigawanya, mwinuko ni wa asilimia 3 tu, lakini wastani huo unadanganya. Kipande cha kwanza hadi Soni kimekaza, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Baada ya Soni barabara inapumua.

Kwa mlima huo gia ndiyo inayoamua, miguu inafuata. Sisi tulikuwa na meno 22 mbele na 32 nyuma kwenye magurudumu ya inchi 26. Kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 1.4 hivi, na ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 5 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na unatosha. Baiskeli yenye meno 42 mbele na 28 nyuma itakulazimisha kusimama kwenye pedali, na ukiwa na mzigo nyuma usukani unayumba. Malori ya mboga yanashuka hapo. Usiyumbe.

Mzigo tuligawa kilo 13 kwangu na 8 kwake, na hatukuona aibu kuugawa bila usawa. Wawili wakibeba sawa, mwenye nguvu ndogo ndiye anayeamua mwendo, na mwenye nguvu anakaa akimsubiri juu huku jasho likimkaukia. Maji yalikuwa lita 3 kila mmoja. Chupa moja ilikuwa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita. Si tamu, lakini inarudisha maji na chumvi inayopotea kwa jasho.

Goti la mke wangu la kulia lilianza kuuma kabla ya Soni, mbele, chini ya kifupa. Maumivu ya mbele mara nyingi hutokana na kiti kilicho chini mno au gia nzito, na ya nyuma ya goti hutokana na kiti kilicho juu mno. Kipimo cha haraka: kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama. Chake kilikuwa kimezama karibu sentimita 2, maana nguzo ya kiti ilishushwa kwa ajili ya basi na hatukuwa tumeweka alama. Sasa kila nguzo ina mkanda wa umeme uliozungushwa pale inapoingia kwenye fremu. Goti halikupona kwa kuinua kiti peke yake. Tulilala Soni, kesho yake tukapumzika, na siku ya Lushoto tukaimaliza taratibu.

Kutoka Lushoto kwenda Magamba unapanda tena, na hapo hali ya hewa inabadilika. Tulikwenda Julai, baada ya masika, tukiamini kiangazi ni kiangazi. Usambara haiendi hivyo. Ukungu unalala kwenye msitu wa Magamba, unadondoka kwenye miti mpaka mchana, na barabara ya udongo haikauki kivulini. Anayetaka kuingia njia za ndani ya msitu aulizie kwanza vibali vya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Sisi tulifuata barabara kuu ya kwenda Malindi na Lukozi.

Udongo mwekundu wa huko ukilowa kidogo tu ni mbaya kuliko ukilowa sana. Matope ya maji yanatiririka, ila udongo wenye unyevu unanata kwenye tairi, unabeba majani na vijiti, unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Tairi zangu zilikuwa za upana wa inchi 2.2, za mke wangu 1.95. Yeye alipita mahali ambapo mimi nilibeba baiskeli begani. Upana mkubwa ni raha kwenye mchanga, lakini kwenye udongo wa mfinyanzi nafasi kati ya tairi na fremu ndiyo mali. Na pedali ikiwa nzito ghafla, usikanyage kwa nguvu. Shuka, zungusha nyuma kwa mkono, ondoa udongo kwa kijiti kwenye vile vigurudumu viwili vya mkono wa gia. Anayekanyaga kwa hasira ndiye anayeung'oa.

Jioni tulikuwa tunaomba ndoo moja ya maji kwa wenyeji, na tulipewa kila mahali bila maneno mengi, shikamoo na marahaba zikishapita. Osha kwa kumwagia kutoka juu, usielekeze maji kwa nguvu kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Cheni ifutwe kwa kitambaa, ikauke, ndipo itiwe oili tone moja kwa kila pingili, izungushwe dakika moja, kisha ifutwe tena mpaka nje iwe kavu. Oili ya injini kutoka kwa fundi bodaboda inafaa, lakini ukiiacha ikining'inia nje inakusanya vumbi na kugeuka msasa.

Spoki ilikatika kati ya Lukozi na Manolo, nyuma, upande wa kulia. Karibu kila mara ni huko. Upande wenye meno spoki zimekazwa zaidi ili gurudumu likae katikati ya fremu, na ndizo zinazobeba nguvu ya kukanyaga. Ukiongeza kilo 13 juu ya keria, unajua itakatika ipi. Rimu ikavutwa kushoto, ikaanza kugusa breki.

Kwa dharura, fungua kwanza ile waya ya breki ya nyuma. Kisha legeza nusu mzunguko spoki mbili za kushoto zilizo jirani na iliyokatika, na kaza nusu mzunguko mbili za kulia. Mkanganyiko upo kwenye kuzungusha nipo, ile nati ndogo inayoshika spoki kwenye rimu: ukiitazama kutoka upande wa habu, kukaza ni kinyume cha saa. Zungusha gurudumu, tazama, rudia kwa robo mzunguko. Ukishafika milimita 3 za kuyumba, acha. Mzigo wote wa keria hiyo uhamie kwenye baiskeli nyingine, na uende.

Kuiweka mpya ni shughuli nyingine, kwa sababu upande wa kulia meno yanaziba tundu za habu na lazima ufungue friwili, yaani fungu lote la meno ya nyuma, kwa kifungulio chake, ambacho hatukuwa nacho. Fundi mmoja wa kijijini alitazama, akachukua spoki ya baiskeli kubwa ya inchi 28, akaikata kichwa, akabakiza upande wenye uzi, na ile ncha iliyokatwa akaikunja kwa plaizi kama herufi Z. Umbo hilo linaingia kwenye tundu la habu kutoka pembeni bila kufungua friwili, na likishavutwa halitoki. Alitumia nipo ya spoki hiyohiyo ili nyuzi zisigombane, akakaza mpaka mlio wake ukakaribia wa majirani zake ukizipiga kwa kucha. Ilifika Mtae na kurudi Dar es Salaam. Sasa tunatembea na mbili za namna hiyo zimefungwa kwa utepe kwenye fremu, zimekatwa tayari kwa urefu wetu.

Boliti ya keria nayo ilitoweka siku hiyohiyo kwa mtikisiko. Ni ya milimita 5, sawa na zinazoshika kikopo cha chupa, kwa hiyo tuliiba moja ya kikopo. Mipira ya tyubu iliyokatwa vipande virefu, ile wanayofungia magunia ya kabichi huko, ilishikilia vilivyobaki.

Mtae iko ukingoni kabisa, chini yako tambarare ya Mkomazi. Tulikaa siku mbili zaidi ya mpango. Basi la alfajiri lingeweza kutushusha, lakini baada ya yaliyotokea kwenye buti tuliamua kushuka wenyewe.

Kushuka ndiko kunakoharibu baiskeli kuliko kupanda. Mtu, baiskeli na mzigo vikiwa kilo 100, kushuka mita 1,000 kunaachia karibu kilojuli 980. Ni joto la kuchemsha lita 3 za maji. Upepo unachukua sehemu, breki zinabeba iliyobaki, na kwenye breki za kubana rimu joto hilo linakaa sentimita chache kutoka kwenye tyubu. Kiraka kilichobandikwa kwa solusheni kinaweza kulegea hapo. Tyubu yenye viraka iende nyuma, ya mbele iwe nzima, kwa sababu pancha ya mbele kwenye kona ya Soni haina msamaha.

Anayeshuka polepole huku amebana breki muda wote ndiye anayechoma. Mwendo mdogo unamnyima upepo, na joto lote linabaki kwenye breki. Afadhali uachie kwenye sehemu iliyonyooka unayoiona mwisho wake, kisha ubane kwa nguvu kabla ya kona, ukiwa bado wima, na uachie ukiingia. Tulisimama kila kilomita 3 au 4, dakika tano. Diski usiiguse kwa kidole. Dondoshea tone la maji, likichemka subiri. Pedi za diski zikibaki chini ya milimita 1 zibadilishe. Udongo wa Magamba ulikuwa umezila za mke wangu tayari, na Lushoto tuliweka mpya kabla ya kushuka. Mpya hazishiki mpaka uzizoeshe: bana mara 20 kutoka mwendo wa kati karibu na kusimama, bila kufunga gurudumu.

Kwenye ukungu tulitumia filimbi. Mlio mmoja simama, miwili endelea. Begi la zana lilikaa kwa anayeendesha nyuma, na tulijifunza hilo kwa pancha ya siku ya kwanza, mimi nikiwa mbele na pampu, yeye nyuma na tairi tupu, na bondeni simu haina mtandao. Wa mbele akiharibikiwa, wa nyuma atamkuta. Tyubu zote ziwe na valvu nene kama ya pikipiki, na upepo uwe psi 45 kwenye lami, 35 kwenye udongo.

Mombo tulifika saa nne asubuhi, siku kadhaa baada ya ile tuliyopanga. Baiskeli zikapakiwa kwa ubavu wa kushoto, nami nikiwa nimesimama mlangoni mwa buti mpaka utingo alipoifunga.